Furaha ya Kutolea Jasho

Wapenzi wa muziki wana dhana moja ambayo ni nadra kuitamka, lakini ukitazama orodha zao za albamu bora utaiona: kwamba wimbo wa huzuni ni wa kweli kuliko wimbo wa furaha. Anayelia tunamwamini papo hapo. Anayecheka tunamkagua kwanza, tujue anauza nini. Ndiyo maana albamu za soul na fanki zinazotajwa kwa heshima kubwa mara nyingi ni za majonzi au za hasira, kama What's Going On ya Marvin Gaye na There's a Riot Goin' On ya Sly and the Family Stone, zote za mwaka 1971. Sina ugomvi na heshima hiyo, zinaistahili. Ugomvi wangu ni na dhana yenyewe. Kuna albamu inayoipa mtihani mgumu: That's the Way of the World ya Earth, Wind & Fire, iliyotoka Machi 1975, nyimbo nane zisizofika dakika 40. Zaidi ya miaka 50 imepita, na bado inamwinua msikilizaji asiyejua lolote kuhusu waliopiga. Nadai kwamba inamwinua kwa sababu furaha yake imewekwa juu ya uzito, wa mdundo na wa maneno, na kwamba uzito huo ukiondolewa kinachobaki ni kelele za sherehe tu.

Tuanze na mwaka wenyewe, maana haukuwa wa sherehe. Marekani ya mwanzoni mwa 1975 ilikuwa imechoka. Agosti iliyotangulia Rais Richard Nixon alijiuzulu kwa fedheha ya Watergate. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa tangu nchi za Kiarabu zilipogoma kuiuzia Marekani mwishoni mwa 1973, na uchumi ukaanza kudorora wakati huohuo. Kufikia Mei 1975 ukosefu wa ajira ulikuwa karibu asilimia 9 kwa nchi nzima, na kwa Wamarekani weusi ulikuwa mbaya zaidi ya hapo. Kule Boston, mabasi yaliyobeba watoto weusi kwenda shule za mitaa ya wazungu yalikuwa yamerushiwa mawe. Aprili 30 Saigon ikaanguka, na vita vilivyokula vijana wengi vikaisha bila ushindi wa kujivunia. Katika mwezi uliofuata, albamu hii ilikaa namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard, na wimbo wake wa kwanza, Shining Star, ukakaa namba moja kwenye chati ya nyimbo. Jibu jepesi ni kwamba watu walitaka kusahau. Inawezekana. Lakini mwaka huo vitu vya kusahaulisha vilikuwa tele, na vingi vyao leo vimesahauliwa vyenyewe.

Mwenye kundi alikuwa Maurice White, mzaliwa wa Memphis mwaka 1941, aliyeanza kuimba nyimbo za injili kanisani akiwa mtoto. Baadaye alihamia Chicago, akapata kazi ya kupiga dramu katika studio za Chess Records. Dramu za Rescue Me ya Fontella Bass, kibao cha 1965, ni zake. Inafaa kulishika hilo. Mpiga dramu wa studio halipwi kwa mbwembwe. Analipwa ili mdundo usiyumbe, wimbo urudiwe mara ngapi, mwimbaji akosee mara ngapi. Mwaka 1966 aliingia katika bendi ya watu watatu ya mpiga piano Ramsey Lewis, na akiwa huko akajifunza kalimba, chombo kidogo cha vidole gumba, ambayo aliipiga kwenye albamu ya Lewis ya 1969, Another Voyage, katika kipande kinachoitwa, kwa Kiswahili kabisa, Uhuru. Kisha akahamia Los Angeles, akaunda kundi na kulipa jina kutokana na nyota yake ya kuzaliwa. Halikufanikiwa haraka. Albamu mbili za kampuni ya Warner zilipita kimyakimya, karibu wanamuziki wote wakaondoka, na White akaanza upya na vijana: Philip Bailey kutoka Denver mwenye sauti ya kupanda hadi mahali ambapo wanaume wachache hufika, Larry Dunn kwenye kinanda, Al McKay na Johnny Graham kwenye magitaa, Ralph Johnson na baadaye Fred White kwenye dramu, Andrew Woolfolk kwenye saksafoni. Mdogo wake Maurice, Verdine, alikuwa tayari kwenye gitaa la besi. That's the Way of the World ilikuwa albamu yao ya sita. Hawakuwa watoto waliookota bahati njiani.

Mtu wa pili wa kutajwa hakuwa mwanachama wa kundi. Charles Stepney alifahamiana na White tangu Chess, ambako aliandika na kupanga muziki wa Rotary Connection, kundi alilotokea Minnie Riperton. Alikuwa na sikio la muziki wa okestra na subira ya mwalimu. White alimwita asaidie kutayarisha albamu hii, na kundi zima likapanda Caribou Ranch, studio iliyokuwa milimani Colorado, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mbali na mji wa kukimbilia usiku. Alichoongeza Stepney kinasikika mara moja ukilinganisha na albamu za mwanzo. Awali kundi lilikuwa na mawazo mengi yanayogombania nafasi. Hapa kila chombo kinajua kinaingia lini na, muhimu zaidi, kinanyamaza lini.

Sikiliza Shining Star kwa makini. Wimbo hauna hata dakika tatu. Gitaa linaingia peke yake na kipande kifupi chenye kigugumizi, linakirudia, kisha besi na dramu zinashuka chini yake. Magitaa hayapigi sana. Yanakwaruza na kuacha mapengo. Tarumbeta na saksafoni hazipambi wimbo wote, zinatupia maneno mawili matatu na kurudi nyuma. Waimbaji wanapofika kwenye kiitikio wanapanda pamoja, sauti juu ya sauti, lakini besi ya Verdine haipandi nao. Inabaki pale chini, nzito, ikizunguka palepale. Mwishoni vyombo vyote vinakatwa na zinabaki sauti tupu, na mwangwi nao unaondolewa, hivi kwamba waimbaji waliokuwa mbali kidogo wanaonekana ghafla wamesimama chumbani mwako. Kisha wimbo unakatika. Hakuna kufifia polepole. Kila ninapousikia mwisho huo naona ujasiri wa watu wanaojua kwamba walichokisema kimetosha.

Watafiti wa muziki nao wamejaribu kueleza mvuto wa namna hii. Mwaka 2014 Maria Witek na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la PLOS ONE, ambamo wasikilizaji walisikilizishwa midundo ya dramu ya fanki yenye viwango mbalimbali vya mapigo yanayoanguka nje ya mahali yanapotarajiwa. Mdundo ulionyooka kabisa haukuwasisimua sana. Uliovurugika sana haukuwasisimua pia. Uliowapa raha na hamu ya kucheza kuliko yote ni ule wa katikati, unaovunja matarajio kiasi lakini unaacha pigo la msingi lishikike. Yaani msikilizaji anaachiwa kazi: mapengo anayajaza mwenyewe kwa kichwa, bega na mguu. Kwa utaratibu huo, furaha ya fanki haimiminwi sikioni mwa mtu aliyekaa tu. Anashiriki kuitengeneza, na labda ndiyo sababu haionekani kuwa ya kubandikwa.

Lakini kama albamu ingekuwa Shining Star mara nane, nisingeiandikia sura. Uthibitisho mkubwa uko kwenye wimbo wa pili, uliobeba jina la albamu. Unakwenda polepole, mwendo wa mtu anayetembea akiwaza. Kinanda cha umeme kinafungua, tarumbeta zinakuja kwa upole, na Maurice White anaimba katika sauti yake ya kawaida, isiyo ya kujionyesha. Maneno yanakiri jambo ambalo wimbo wa furaha haupaswi kukiri: kwamba dunia ina tabia ya kuupooza moyo wa mtu. Hakuna ahadi kwamba dunia itabadilika. Kuna ushauri wa kubaki mchanga moyoni, na hata ushauri huo unatolewa kama mtu mzima anavyouambia ukoo, bila kupaza sauti. Kisha gitaa linapiga solo fupi lenye simanzi, na baada yake sauti zinaanza kupanda bila maneno, zamu kwa zamu, mpaka wimbo unafifia ukiwa bado unapanda. Ukiniuliza msisimko unatoka wapi hapo, sitasema kwenye maneno. Maneno yameweka mzigo mezani, na muziki unaunyanyua mbele yako taratibu, kwa hiyo unaona kabisa kwamba kuna kitu kimenyanyuliwa.

Sasa hoja ya kwanza dhidi yangu, nayo ni nzito. Mei 1975, mwezi uleule albamu hii ilipokaa namba moja, Curtis Mayfield alitoa There's No Place Like America Today. Jalada lake limechukua wazo kutoka picha maarufu ya Margaret Bourke-White ya mwaka 1937: foleni ya watu weusi wanaosubiri msaada, na juu yao bango kubwa la familia ya kizungu inayotabasamu ndani ya gari. Ndani, Mayfield anaimba kwa sauti ya chini kuhusu bunduki, umaskini na sala. Mkosoaji atauliza: wawili hawa walikuwa nchi moja, msimu mmoja, na ni nani aliyewaambia watu weusi ukweli? Mmoja alionyesha foleni, mwingine aliimba nyota. Nakubali kwamba Mayfield aliutaja ukweli wa mitaani ambao Earth, Wind & Fire hawakuutaja, na albamu yake inapaswa kusikilizwa zaidi ya inavyosikilizwa. Nisilokubali ni kwamba kutoutaja ni kuukana. Mtu aliye kwenye ile foleni anajua tayari kwamba yuko kwenye foleni. Hahitaji kuambiwa kila siku. Anahitaji pia sababu ya kuamka kesho. Kanisa la weusi la Marekani, alikoanzia White, lilijua hilo vizazi vingi kabla ya studio yoyote, na ndiyo maana nyimbo zake za shangwe ziliimbwa na watu waliokuwa na sababu zote za kunyamaza. Tazama pia jinsi albamu inavyofungwa. Wimbo wa mwisho, See the Light, ni sala ya kuomba watu waione nuru, na hakuna anayeomba nuru akiwa kwenye mwanga.

Hoja ya pili ni ya biashara: kwamba kundi lilisafisha fanki ili wazungu wainunue. Hapa historia inachekesha. Albamu hii ilitengenezwa kwa ajili ya filamu ya jina hilohilo, iliyoongozwa na Sig Shore, Harvey Keitel akiwa prodyuza wa muziki anayelazimishwa na kampuni kuliweka kando kundi lenye kipaji na kuwapigania waimbaji watatu wa kizungu, watamu na watupu. Earth, Wind & Fire waliigiza kundi lililowekwa kando. White na wenzake waliiona filamu ikielekea pabaya, albamu ikatolewa kabla yake, na walikuwa sahihi: filamu ilianguka. Kwa hiyo kazi inayoshutumiwa kuwa ni bidhaa ya kampuni ilizaliwa ndani ya hadithi inayoilaani kampuni. Hilo halimalizi hoja, najua. White alitaka kuuza, hakuwahi kuficha, na usafi wa sauti za Stepney ulisaidia redio zote zifungue milango. Ila swali ni kilichopitishwa kwenye mlango huo. Kwenye Africano kuna dakika kadhaa za vyombo bila mwimbaji, fanki ngumu yenye filimbi na midundo ya kugongana. Kwenye Happy Feelin' kuna kalimba.

Kalimba hiyo inataka jicho la karibu. Msomaji anayeijua ilimba ya Wagogo wa Dodoma, ile ambayo Hukwe Zawose aliizungusha kwenye majukwaa ya dunia, atagundua tofauti mara moja. Ilimba ina mitetemo ya makusudi, ule mlio wa kukwaruza unaozunguka kila noti, na ngazi yake ya sauti haifuati piano. Kalimba ya White ni ya aina iliyobuniwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi kusini mwa Afrika, na kuanza kuundwa kiwandani Afrika Kusini miaka ya 1950. Mlio wake ni safi na imepangwa kwa ngazi ya Kizungu. Bila mabadiliko hayo isingekaa vizuri na kinanda cha Larry Dunn wala tarumbeta. Anayetafuta Afrika isiyoguswa hataipata hapa, na White hakuiahidi. Alichofanya ni kukikabidhi chombo kidogo cha vidole gumba kazi halisi ndani ya wimbo wa kucheza: mapigo yake mepesi yanaziba mapengo yaleyale ambayo besi na magitaa yameyaacha. Ni sehemu ya mdundo, wala haikuwekwa pale kwa urembo. Huko ni kusafisha kwa namna ya ajabu, kama kweli ni kusafisha.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, na sitajifanya nimeishinda yote. Maneno ya nyimbo hizi, wanasema wakosoaji, ni mepesi: jipende, wewe ni nyota, tazama nuru. Na kwenye All About Love, White anaacha kuimba na kuanza kuongea, akimshauri msikilizaji ajipende, akichomekea habari za unajimu na elimu za siri. Hapo albamu inalegea. Muziki umegeuka zulia la kutandika chini ya mahubiri, na nadhani hata wanaoipenda sana huvumilia sehemu hiyo kuliko kuifurahia. Lakini udhaifu huo wenyewe unaitetea hoja yangu, kwa sababu unaonyesha kinachotokea furaha inapotangazwa badala ya kutengenezwa. Maneno yaleyale ya kujiamini, yakiwekwa kwenye mdundo wa Yearnin' Learnin' unaofuata mara tu ukigeuza santuri, yanaaminika. Uzito ndio uliorudi, wala si busara.

Kinyume chake ni Reasons, wimbo ambao maneno yake yanavuta upande mmoja na muziki upande mwingine. Bailey anauimba karibu wote katika sauti ya juu kabisa, nyembamba lakini haitetereki, mpaka mwishoni anapofika noti ambazo wengi wangemwachia mwanamke. Ukiufuata kwa utulivu utagundua anachoimba ni tamaa ya usiku mmoja: sababu za kukaa na mtu ambazo kukipambazuka zitakuwa zimeyeyuka. Hata hivyo maharusi wa Marekani wameufanya wimbo wa ndoa kwa miongo kadhaa, na Bailey mwenyewe amewahi kushangazwa na jambo hilo hadharani. Ni rahisi kuwacheka maharusi. Mimi nadhani wamesikia vizuri, ila wamesikia muziki. Ile sauti inayojishikilia juu bila kuanguka inaeleza uaminifu zaidi ya maneno yanayoukana, na toleo la jukwaani lililotoka kwenye Gratitude mwishoni mwa 1975, saksafoni ikijibizana na Bailey, linazidi kuwapa haki. Wanaopima wimbo kwa kusoma maneno yake kwenye karatasi hawana la kufanya na ushahidi wa namna hii.

Kuna namna moja zaidi ya kuijaribu hoja, nayo ni kutazama yaliyofuata. Stepney alifariki Mei 1976 akiwa na miaka 45, wakati kazi ya albamu ya Spirit ikiendelea. Kundi halikuanguka. All 'N All ya 1977 ni nzuri sana, na wapo wanaoiweka juu ya hii. September ya 1978 imekuwa wimbo wa dunia nzima, na sijakutana na hoja yoyote ya maana dhidi yake. Halafu taratibu mng'ao ukaongezeka na mizigo ikapungua. Ukifika Let's Groove ya 1981, kibao kikubwa kwelikweli, karibu kila kitu kinang'aa: sehemu kubwa ya besi inatoka kwenye sintesaiza, sauti zimepitishwa kwenye mashine, na kila pengo la zamani limejazwa. Kama kuinuliwa kungekuwa suala la mwanga na nderemo tu, wimbo huo ungeipita albamu ya 1975 kwa mbali. Watu huucheza, tena kwa raha, hadi unapoisha. That's the Way of the World, wenye mwendo wa polepole na maneno yanayokiri kwamba moyo hupoa, ndio unaobaki na msikilizaji baada ya kuisha.